Je, Wajua? Safari za Magari Kabla ya Barabara

Je, wajua kwamba safari ndefu ya kwanza ya gari la petroli duniani ilifanywa na mama wa watoto wanne, tena bila mumewe kujua? Ilikuwa Agosti 1888, mjini Mannheim, Ujerumani. Carl Benz alikuwa na hati ya kumiliki uvumbuzi wake tangu Januari 1886, lakini wanunuzi hawakuonekana. Watu walilitazama gari lake la magurudumu matatu, wakashangaa, wakaenda zao. Mkewe, Bertha, ambaye mahari yake ndiyo iliyokuwa imeiokoa karakana isifungwe, alichoka kungoja. Alfajiri moja aliwachukua wanawe, Eugen na Richard, mmoja wa miaka 15 na mwingine 13, wakalitoa gari nje, wakaondoka kwenda kwa mama yake Pforzheim. Kwa njia waliyopita, ni zaidi ya kilomita 100. Kabla ya hapo magari yalizungushwa tu karibu na karakana.

Je, wajua mafuta waliyapata wapi? Kwenye duka la dawa. Vituo vya petroli havikuwepo popote duniani, na injini ile ilitumia ligroini, kiowevu ambacho wafamasia waliuza kwa ajili ya kusafishia madoa ya nguo. Bertha alisimama katika mji mdogo wa Wiesloch akanunua. Duka lile linajitambulisha mpaka leo kama kituo cha kwanza cha mafuta duniani.

Je, wajua vifaa vyake vya ufundi vilikuwa vipi? Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochubuka, aliuzungushia ukanda wa soksi yake. Mnyororo ulipomsumbua, mhunzi alimsaidia. Breki zilikuwa vipande vya mbao vilivyokandamiza gurudumu, na kwenye miteremko zilianza kulika. Bertha akamtafuta fundi viatu, akamwambia azigongee ngozi. Huo ndio mwanzo wa kile ambacho mafundi wa leo wanakiita laini za breki. Kwenye vilima vijana walishuka wakasukuma, na mama aliporudi nyumbani alimweleza mumewe kwamba gari linahitaji gia ya kupandia mlima. Carl akaiweka.

Nakiri kwamba katika habari hizi zote, kila nikimtazama dereva, jicho langu humfuata pia mfamasia, mhunzi na fundi viatu. Gari lilikuwepo, petroli ilipatikana kwa kubahatisha, barabara haikuwepo. Kilichojaza pengo hilo ni watu wa njiani, na utawakuta kila mahali katika mambo yanayofuata.

Je, wajua kwamba huko Uingereza sheria ya mwaka 1865 ilitaka mtu atembee mbele ya kila chombo cha injini barabarani akiwa ameshika bendera nyekundu? Mwendo wa juu ulikuwa maili 4 kwa saa nje ya mji na maili 2 ndani ya mji. Mtoto aliyetumwa chumvi dukani angekipita. Bendera iliondolewa mwaka 1878, lakini mtangulizi aliendelea kutembea mbele mpaka 1896. Siku sheria mpya ilipoanza kazi, tarehe 14 Novemba, madereva walisherehekea kwa msafara kutoka London hadi Brighton, na wenye magari ya kale huurudia kila mwaka mwezi huohuo.

Je, wajua kwamba mshindi wa mbio za Paris–Bordeaux–Paris za Juni 1895 hakupewa zawadi ya kwanza? Émile Levassor alikata kilomita 1,178 kwa saa 48 na dakika 48. Alimwahi hata dereva wa kumpokea, ambaye alikuwa bado amelala, kwa hiyo akaendelea mwenyewe. Alifika Paris saa nyingi kabla ya mwingine yeyote. Lakini gari lake lilikuwa na viti viwili, na kanuni za zawadi kuu zilitaka gari la viti vinne.

Je, wajua kwamba katika mbio hizohizo ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliendesha gari lenye matairi ya kujazwa upepo na kupata pancha mpaka wakafika muda umekwisha? Wengi waliona wazo lile limekufa. Miaka michache tu baadaye ilikuwa vigumu kuona gari la safari lisilokanyaga upepo.

Na je, wajua kwamba kitabu cha Michelin kinachowapa wapishi wa Ulaya usingizi wa mang'amung'amu kilianza kama kitabu cha madereva? Kilitolewa bure mwaka 1900, nakala 35,000, wakati Ufaransa nzima ilikuwa na magari yasiyofika 3,000. Ndani mlikuwa na ramani, maelezo ya kubadili tairi, na orodha ya mafundi, hoteli na mahali pa kupata petroli. Dereva wa wakati ule alihitaji kujua fundi yuko wapi kabla ya kujua chakula kiko wapi.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa tairi za mwanzo alikuwa farasi? Njia zilijaa misumari iliyodondoka kwenye kwato.

Je, wajua kwamba taa za magari ya zama zile ziliwaka kwa gesi iliyotengenezwa humohumo garini? Maji yalidondoka tone kwa tone juu ya kabidi, ikatoka gesi ya asetilini, dereva akashuka na kibiriti akaiwasha. Mvua na upepo vikizidi, inazima, unashuka tena.

Je, wajua kwamba kuwasha injini kwa hendeli kulivunja mikono ya watu? Injini ikirudisha pigo, chuma kile huzunguka kinyume kwa ghafla. Nafuu ilikuja mwaka 1912, Cadillac ilipouza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering.

Je, wajua kwamba Ford ya Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilipanda milima mikali kinyumenyume? Haikuwa na pampu ya mafuta. Petroli ilitiririka yenyewe kutoka tenki lililokuwa chini ya kiti hadi kwenye kabureta. Tenki likikaribia kuisha na gari likiinua pua, mafuta hayafiki na injini inazima. Ukigeuza gari ukapanda kwa rivasi, tenki linakuwa juu ya injini na safari inaendelea. Isitoshe, gia ya rivasi ilikuwa na nguvu kuliko ya mbele.

Je, wajua kwamba Mwingereza Dorothy Levitt, dereva wa mashindano, aliwashauri wanawake katika kitabu chake cha mwaka 1909 wabebe kioo cha mkononi garini ili wainue na kutazama nyuma? Vioo vya kuonea nyuma vilikuwa bado havijafungwa viwandani.

Je, wajua kwamba mtu wa kwanza kuvuka Marekani kwa gari aliondoka kwa sababu ya ubishi wa dola 50? Daktari Horatio Nelson Jackson wa Vermont alikuwa San Francisco mwaka 1903 alipowasikia watu klabuni wakisema gari halitaweza kamwe kufika New York. Akaweka dau. Siku chache baadaye alinunua Winton ya nguvu za farasi 20, akamwajiri fundi kijana, Sewall Crocker, na tarehe 23 Mei wakang'oa nanga. Nchi nzima haikuwa na hata kilomita 250 za barabara ya lami au mawe nje ya miji. Walivuka mito kwa kamba na kapi, wakifunga ncha moja kwenye mti ng'ambo na kuliburura gari. Spea zilifuatishwa kwa treni, na wao wakakaa wakizingoja. Huko Idaho Jackson alinunua mbwa aitwaye Bud, na kwa kuwa vumbi la jangwa lilimuumiza macho, mbwa naye akavishwa miwani ya udereva. Miwani ile imehifadhiwa pamoja na gari kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Husimuliwa kwamba njiani California mwanamke mmoja aliwaelekeza njia isiyo yao, wakapotea maili nyingi, kwa sababu alitaka jamaa zake walioishi upande ule waione motokaa. Simlaumu. Kwa watu wa bonde lile, ndiyo ilikuwa nafasi pekee.

Waliingia New York tarehe 26 Julai, baada ya siku 63. Jackson alitumia karibu dola 8,000 kwa safari nzima, na zile 50 za dau hakuzidai kamwe. Aliporudi kwao Vermont, polisi walimtoza faini kwa kuendesha kasi kuliko maili 6 kwa saa.

Je, wajua kwamba miaka sita baadaye safari kama hiyo ilifanywa na wanawake wanne, na mmoja tu ndiye aliyejua kuendesha? Alice Ramsey alikuwa na umri wa miaka 22 alipotoka New York tarehe 9 Juni 1909 na mawifi zake wawili na rafiki mmoja. Alibadili tairi 11 kwa mikono yake. Vitabu vya njia viliishia katikati ya nchi, basi huko magharibi waliangalia nguzo za simu: penye njia panda walifuata upande wenye nyaya nyingi zaidi, wakiamini huko ndiko kuna mji. Tarehe 7 Agosti walikuwa San Francisco.

Je, wajua kwamba mwaka 1919 jeshi la Marekani lilituma msafara wa magari kutoka Washington hadi San Francisco, ukatumia siku 62, karibu sawa na Jackson? Ulizama matopeni na mchangani, ukavunja madaraja ya mbao na kuyatengeneza upya. Miongoni mwa maofisa alikuwamo Dwight Eisenhower. Akiwa rais, mwaka 1956, alitia saini sheria iliyojenga mtandao wa barabara kuu za nchi ile, na mwenyewe aliandika kwamba msafara ule ulimfungua macho.

Sasa twende Asia.

Je, wajua kwamba mwaka 1907 gazeti la Ufaransa, Le Matin, liliuliza ukurasani kama kuna mtu wa kwenda kwa gari kati ya Paris na Beijing, na watu wakajitokeza? Magari matano yaliondoka Beijing tarehe 10 Juni 1907. Hakukuwa na zawadi ya fedha. Mafuta yalitangulizwa jangwani kwa misafara ya ngamia.

Je, wajua kwamba Mwanamfalme Scipione Borghese wa Italia aliipima njia kwa mwanzi kabla ya kuanza? Alikata fimbo yenye upana wa gari lake aina ya Itala, akapanda farasi, akazunguka milima ya kaskazini ya Beijing akiinyoosha fimbo ile kwenye kila upenyo wa miamba. Penye fimbo kupita, gari litapita. Hata hivyo, siku za kwanza injini haikufanya kazi kubwa. Wachina waliokodiwa, wakishirikiana na nyumbu, ndio walioyaburura magari yale juu ya milima kwa kamba. Vitabu vinamtaja Borghese, fundi wake Ettore Guizzardi na mwandishi wa habari Luigi Barzini. Majina ya walioshika kamba hayakuandikwa, na hilo linanisikitisha kila nisomapo.

Je, wajua kwamba katika jangwa la Gobi Barzini alituma telegramu kutoka kituo kimoja kidogo, akaiona imeandikwa namba 1? Alidhani ni ya kwanza ya siku ile. Karani akamfahamisha kwamba ni ya kwanza tangu kituo kifunguliwe, miaka sita nyuma.

Je, wajua kwamba daraja la mbao huko Siberia lilikatika likiwa limeibeba Itala, gari likaning'inia kwa nyuma huku watu wako chini yake, na waliolinyanyua ni wafanyakazi wa reli kwa magogo na kamba? Walipopona, waliendelea kwa kupita juu ya reli yenyewe kwa kibali cha wakubwa, wakirukaruka juu ya mataruma. Na gurudumu lilipovunjika, seremala wa kijiji cha Urusi aliliunda upya kwa shoka. Kwa gurudumu lile waliendelea na safari.

Je, wajua kwamba Mfaransa Auguste Pons aliingia Gobi na kigari cha magurudumu matatu, petroli ikamwishia, akakaribia kufa kwa kiu pamoja na mwenzake, na wenyeji wa jangwa ndio waliowaokoa? Kigari kilibaki kulekule.

Borghese alikuwa na nafasi kubwa mbele ya wenzake hata alipofika Moscow alichepuka mpaka St Petersburg kula karamu, kisha akarudi njiani. Bado aliingia Paris wa kwanza, siku 20 kabla ya waliomfuatia.

Je, wajua aliingia lini? Tarehe 10 Agosti 1907. Nawaomba wasomaji waikumbuke tarehe hiyo, kwa maana siku ileile, Paris ikishangilia, gari jingine lilikuwa linawashwa Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba safari ya kwanza ya gari kuvuka bara la Afrika kutoka bahari hadi bahari ilianzia Dar es Salaam? Dereva alikuwa Paul Graetz, ofisa Mjerumani aliyekuwa ametumikia jeshi la kikoloni hapa. Aliagiza Gaggenau ya nguvu za farasi 35, iliyoinuliwa juu ili ipite kwenye visiki na mawe, na magurudumu marefu. Reli ya Kati ilikuwa haijafika hata Morogoro. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vinazimwa kusini, na nchi ilikuwa imechoka kwa njaa na kuchomewa mashamba. Mbele ya gari kulikuwa na njia za misafara, zilizokanyagwa na miguu ya wapagazi kwa miaka mingi, upana wa mtu mmoja nyuma ya mwingine.

Fikiria kuingiza gari katika njia ya upana huo. Ilibidi pori lifyekwe, kingo za makorongo zichimbwe, magogo yalazwe juu ya vijito. Graetz alikuwa na ramani na dira. Jembe, panga na mabega vilikuwa vya watu wa nchi. Gari lilipita bara hadi upande wa ziwa Tanganyika, likashuka kusini kuvuka Rhodesia mpaka Bulawayo, likafika Johannesburg, likakata Kalahari kuelekea Windhoek. Mitambo iliharibika mara nyingi, na spea zilitoka Ulaya kwa meli kisha kwa miguu, hivyo alikaa miezi bila kusogea. Tarehe 1 Mei 1909 aliyaona maji ya Atlantiki huko Swakopmund, takriban kilomita 9,500 na siku 630 tangu alipoondoka. Borghese alitumia miezi miwili kutoka Beijing hadi Paris. Tofauti hiyo haitokani na udereva. Siberia ilikuwa na reli, telegrafu na wahunzi wa vijijini kila baada ya siku chache.

Je, wajua kwa nini petroli ya bara ilibebwa na watu badala ya punda au ng'ombe? Mbung'o. Katika sehemu kubwa ya nchi wanyama wa mizigo walikufa kwa nagana, kwa hiyo kila kitu, kuanzia pembe za ndovu hadi vyuma vya boti za ziwani, kilikwenda kichwani. Mafuta yalifika pwani kwa madebe ya lita 18, mawili katika kila sanduku la mbao. Sanduku hilo lilikuwa na uzito wa karibu kilo 30, takriban mzigo wa mpagazi mmoja. Gari lililosifiwa kwa kumaliza enzi ya mpagazi lilimtegemea mpagazi kwa kila kilomita liliyokwenda. Na debe tupu halikutupwa: limepima mahindi, limechota maji, limeezeka nyumba, kutoka Kigoma hadi Lamu.

Je, wajua kwamba mwaka 1908 magari sita yaliondoka New York kwenda Paris kwa kuelekea magharibi, katikati ya baridi kali ya Februari? Moja lilikufa siku ya kwanza. Matatu ndiyo yaliyofika. Wajerumani wa Protos waliingia Paris mapema kwa siku nne, lakini walikuwa wamepandisha gari kwenye treni na kuikosa Alaska, wakakatwa siku 30. Ushindi ukaenda kwa Thomas Flyer ya Marekani iliyoendeshwa na George Schuster. Kwenye lango la Paris polisi alimzuia: gari halina taa. Mwendesha baiskeli mmoja akajitolea taa yake, ikagoma kuchomoka, basi baiskeli nzima ikapakiwa garini na safari ya siku 169 ikakamilika hivyo.

Je, wajua kwamba Harry Dutton na Murray Aunger waliliacha gari lao la Talbot porini katikati ya Australia mwaka 1907, lilipoharibika mvua zikiwa zinakaribia, na mwaka uliofuata wakarudi na gari la pili, wakalikuta, wakaliwasha, wakafika Darwin?

Je, wajua kwamba Charles Glidden, tajiri wa simu wa Marekani, aliivua Napier yake matairi mwaka 1904 akaifunga magurudumu ya treni ili asafiri juu ya reli hadi Vancouver? Kati ya 1902 na 1908 alitembeza magari yake karibu kilomita 75,000 katika nchi 39.

Turudi Afrika, kwa maana deni lilibaki: Cape hadi Cairo.

Je, wajua kwamba Kapteni Kelsey, Mwingereza aliyejaribu njia hiyo kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hakuimaliza kwa sababu alijeruhiwa na chui Rhodesia ya Kaskazini akafa?

Waliofanikiwa walikuwa Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella, pamoja na wenzao, wakiwa na malori mawili mepesi ya Crossley. Waliondoka Cape Town Septemba 1924, wakaingia Cairo Januari 1926: miezi 16, zaidi ya kilomita 20,000. Masika ya Rhodesia yaliwakamata na kuwashikilia kwa miezi. Walipita Nairobi, wakaingia Sudan, na huko kwenye vinamasi vya Nile malori yalivutwa kwa kamba na umati wa wenyeji. Stella aliandika kitabu cha safari hiyo, na ninakisifu kwa sababu hakifichi tope: ukurasa baada ya ukurasa anaonyesha kwamba siku nyingi walikwenda mwendo wa mtu anayevuta.

Je, wajua kwamba gari la minyororo ya mpira liliwahi kufika pwani yetu mwaka 1925? André Citroën alikuwa ameajiri fundi Adolphe Kégresse, aliyewahi kusimamia magari ya mfalme wa Urusi na kuyafunga mikanda ya mpira ili yatembee juu ya theluji. Kinachoelea kwenye theluji huelea pia mchangani. Desemba 1922 magari matano ya namna hiyo, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, yalitoka Touggourt, Algeria, na mapema Januari yakawa Timbuktu, baada ya kuikata Sahara kwa wiki tatu. Oktoba 1924 wakaondoka tena na magari manane kutoka Colomb-Béchar. Walipita Niger, Chad na misitu ya Kongo, ambako watu wa vijiji walitolewa kufungua njia. Walipofika Kampala waligawanyika makundi manne ya magari mawili mawili. La kwanza likashuka Mombasa, la pili Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, la nne likaenda hadi Cape Town. Mahali pa kukutana palikuwa Madagaska.

Je, wajua kwamba mwanamke anayetajwa kuwa wa kwanza kuizunguka dunia akiendesha gari alibeba mayai 128 ya kuchemsha? Clärenore Stinnes aliondoka Frankfurt Mei 1927 na gari la Adler, lori la mizigo, mafundi wawili na mpiga picha Msweden Carl-Axel Söderström. Mafundi waliacha safari njiani. Wawili waliobaki walivuka ziwa Baikal juu ya barafu, na Amerika ya Kusini walilipua miamba kwa baruti ili gari lipite. Walirudi Berlin Juni 1929, baada ya zaidi ya kilomita 46,000, na mwaka uliofuata wakaoana.

Je, wajua kwamba mbinu za madereva wa jangwani wa leo zina alama za Ralph Bagnold, ofisa Mwingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa Ford mwishoni mwa miaka ya 1920? Alipunguza upepo kwenye tairi ili zikanyage mchanga kwa upana. Alipokwama alilaza mbele ya magurudumu vipande virefu vya chuma, vilivyokuwa masalia ya kuezekea mahandaki ya vita. Dira ya sumaku ilidanganywa na chuma cha gari, akaunda dira ya kivuli cha jua. Na rejeta ilipochemka, mvuke hakuuacha upotee: aliupitisha kwenye bomba hadi kwenye kopo la maji, ukapoa, ukarudi ndani.

Je, wajua kwamba Safari Rally ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwamba magari yalipangwa madaraja kwa bei yake dukani? Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwishatumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Mvua za Pasaka ndizo zilizoamua nani afike. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena, na yaliyonasa matopeni, kama kawaida, yalisukumwa na wanavijiji.